Bomba Alilolishuku Bwana Fungua

Hebu mtazame anavyokuja. Ni Ijumaa, jua limeanza kulegea, na kutoka upande wa kiwanda cha mashati anatokea mwanamume mfupi, kifua mbele, kofia ya ulinzi ameibana kwapani, viatu vinang'aa kuliko uso. Anafika kwenye mlango wake wa kijani. Haingii. Kwanza anainama kulitazama kufuli kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa. Analivuta mara moja, mara mbili, mara tatu, ingawa ndani kuna watu na kufuli lenyewe linaning'inia wazi. Kisha anageuka kuitazama njia aliyokuja nayo, kuhakikisha kwamba nayo haikumfuata.

Huyo ndiye Bwana Fungua.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wafanyakazi wa kiwandani, kwa sababu miaka ishirini na miwili amesimama kwenye lango la kutokea, na kila apitaye na mkoba husikia kwake neno moja tu: "Fungua." Hana habari za leo, hana pole na kazi. Fungua. Mkoba ukifunguliwa hutia kijiti chake ndani, akakoroga kama mtu anayetafuta nyama kwenye mchuzi wa jirani, halafu husema, "Pita." Kwa kijiti hicho amekwisha kutoa mashati ndani ya chupa ya chai, chini ya sketi, na safari moja ndani ya mkate mzima uliochongwa tumbo. Yule wa mkate hasahauliki, maana aliufungua mkoba mwenyewe kabla hajaambiwa, tena akitabasamu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," hupenda kusema Bwana Fungua. Kwenye lango lile hiyo haikuwa methali, ilikuwa taarifa ya kazi.

Sasa, mtu wa namna hiyo hawezi kuivua kazi yake mlangoni pamoja na kofia. Nyumbani kwake kopo la sukari lina alama ya kalamu ubavuni. Siku ya ndoa yake, mkewe husimulia mpaka leo, alimwomba mfungishaji arudie kulisoma jina la bibi harusi, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia. "Nami ningekuwa na akili," mkewe huongezea, "ningemwomba arudie la bwana." Na kila siku kabla ya kulala huizunguka nyumba nzima: milango, madirisha, jiko, bomba la uani, bomba la jikoni, bomba la bafuni. Chochote kinachofungwa, lazima kipate neno la mwisho la mkono wake.

Lakini Ijumaa hiyo alipoingia, hakwenda chumbani kubadili nguo. Alikwenda moja kwa moja bafuni, akasimama, akatega sikio.

To. Kimya. To. Kimya. To.

"Linavuja tena!" akapaza sauti.

"Karibu nyumbani, mume wangu," akajibu mkewe kutoka jikoni. "Sisi wazima, tunashukuru kwa kutuuliza."

Bomba la bafuni lilikuwa limetengenezwa mara tatu ndani ya miezi miwili, na mara zote na fundi yuleyule. Hapo ndipo penye kisa chetu, kwa hiyo sogea karibu kidogo. Fundi bomba huyo, kijana mrefu wa miaka kama thelathini, mpole, mwenye mkoba wa kitambaa uliofifia rangi, hakuwa fundi wa kuokotwa barabarani. Alikuwa ndiye mwanamume ambaye binti yao, mpima macho katika duka la miwani, alikuwa amewaambia wazazi wake kwamba anamtaka. Binti ameridhia. Mama ameridhia tangu siku ile fundi alipomaliza kazi, akapiga deki bafu bila kuambiwa. Amebaki baba. Na Jumapili, saa kumi jioni, mjomba na shangazi wa fundi wangekuja kuchukua jibu.

"Mtu asiyeweza kufunga bomba," Bwana Fungua alimwambia mkewe, akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, "atafungaje ndoa?"

"Kwani ndoa inafungwa kwa spana?"

"Sikiliza, mama. Fundi gani anatengeneza kitu kimoja mara tatu? Ama hajui kazi, ama anaijua sana. Anaacha mlango wazi ili apate sababu ya kurudi."

"Kurudi kufanya nini? Yeye na binti yako wanaonana kila siku huko mjini."

"Aha!" akasema Bwana Fungua. "Kila siku?"

Mkewe akafunika sufuria kwa kishindo.

Usidhani alikuwa amekaa bure kungoja. Wiki mbili nyuma, fundi alipoondoka mara ya tatu, Bwana Fungua aliingia bafuni na kichupa cha rangi ya kucha cha binti yake, akachora mstari mwembamba mwekundu kuanzia kwenye nati ya bomba mpaka kwenye shingo yake. Mtu akiigeuza nati ile hata kidogo, mstari unakatika. Alikuwa amemshuku binti yake mwenyewe. Labda huyu ndiye anayelegeza ili mchumba aitwe, alijiambia. Sasa, jioni hiyo ya Ijumaa, alipiga magoti akawasha tochi ya simu. Mstari ulikuwa mzima kama ulivyochorwa.

Basi binti hana hatia. Ingekuwa ni mtu mwingine, angefurahi. Yeye alikaa ukingoni mwa beseni akafikiri: ikiwa tangu siku ile hakuna aliyefungua, basi uovu uliingia kabla mlango haujafungwa. Uliwekwa mle ndani na fundi mwenyewe. Kile kipira kinachoziba maji: kibovu, kilichochakaa, kilichookotwa. Na mtu anayetia kipira kibovu kwenye bomba la baba mkwe mtarajiwa, atatia nini katika maisha ya binti wa watu?

"Kesho siiti fundi," akatangaza wakati wa chakula. "Nalifungua mwenyewe."

Binti akamtazama mama. Mama akamtazama binti. Bwana Fungua akayaona macho hayo yakikutana, akayaweka akibani.

Jumamosi asubuhi alifunga koki kuu iliyo karibu na geti, akaikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akaitoa spana aliyoinunua miaka mingi iliyopita, ambayo hajawahi kumwazima mtu wala kuitumia mwenyewe, ingali na karatasi yake. Akang'oa kishikio cha bomba kwa bisibisi. Akaishika nati kwa spana. Mstari mwekundu ukakatika, naye akajisikia kama anayevunja lakiri ya mahakama. Akageuza tena. Na tena.

Ndipo maji yakamrukia.

Hayakuja kama matone. Yalikuja kama yaliyokuwa yakimngoja kwa miaka. Yakampiga usoni, yakamvua miwani, yakapanda mpaka darini. Kofia aliyoivaa kwa ajili ya heshima ya kazi ikaelea kuelekea kwenye tundu la maji machafu.

"Wameifungua koki!" akapiga kelele. "Kuna mtu ameifungua koki ya getini!"

Mkewe akachungulia. "Mume wangu, mbona unaoga na nguo?"

"Nani yuko getini?"

"Hakuna mtu getini. Bafu linapata maji kutoka tangi la juu. Miaka kumi na minne unaishi humu hujui?"

Binti alishakimbia uani kulifunga tangi. Maji yakapungua, yakawa uzi, yakakoma. Bwana Fungua akabaki amesimama katikati ya ziwa lake, spana mkononi kama askari aliyeshinda vita asivyovielewa.

Lakini alikuwa amefika. Alikichomoa kichwa cha bomba, akakipindua, na huko mwishoni akakiona alichokuja kukitafuta: kipira cheusi, kidogo kama kifungo cha koti. Katikati yake kulikuwa na duara lililozama ndani kabisa, limekatika karibu kutokea upande wa pili.

"Wiki mbili," akasema polepole, akiwaonyesha mke na binti. "Kitu cha wiki mbili kinaweza kuwa hivi?"

Mama akainama kuokota kofia, binti akakimbilia ufagio. Na hilo nalo aliliweka akibani. Akaufunga ushahidi wake ndani ya leso, akabadili shati, akatoka.

Hakwenda duka la vifaa la pale jirani. Duka la jirani huenda limo kwenye njama. Alikwenda la mbali, mtaa wa tatu, ambako hakuna aliyemjua. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene aitwaye Mama Misumari, aliyeketi kati ya mabunda ya mabomba kama ndege kwenye kiota chake.

"Mama, nataka unitolee ushahidi," Bwana Fungua akasema, akaifungua leso juu ya kaunta. "Kitu hiki ni kizima au ni cha kuokotwa?"

Mama Misumari akavaa miwani, akakichukua kwa kucha mbili. "Hiki ni changu mimi. Ndicho kigumu kuliko vyote nilivyo navyo. Kimewekwa lini?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili! Hiki hukaa miaka, baba." Akakipeleka kwenye mwanga. "Wala hakikuoza. Kimekabwa koo. Tazama, kitako cha shaba ndani ya bomba kimekikata kama uzi unavyokata sabuni. Nani anayelifunga bomba hilo? Ana kisasi na maji?"

Bwana Fungua akaikunja leso. "Wanalitumia watu wengi."

"Hapana. Watu wengi hawakabi namna hii. Huyu ni mmoja." Halafu akajipiga kofi la paja. "Lo! Nimekumbuka. Kuna fundi mmoja mrefu, mkoba wa kitambaa, mpole, hata ukimkanyaga atakuomba radhi. Anakuja hapa kununua kipira kimoja, baada ya wiki mbili tatu kimoja tena. Nikamtania, 'Wewe fundi, vipira unavitafuna?' Akaniambia kuna mzee mmoja anayemheshimu, ana mkono wa chuma. Kila siku kabla ya kulala anazunguka kukaza mabomba kama anayefunga gereza. Ndiyo maana akaja kuchukua hiki kigumu, akasema labda hiki kitamvumilia."

"Na kwa nini hakumwambia huyo mzee?"

"Mimi nilimwuliza hivyohivyo! Akacheka. Akasema, 'Mama, yule hata ukimwambia leo ni Jumamosi, atakwenda kwanza kutazama kalenda.'"

Nyuma ya Mama Misumari palitundikwa kalenda. Bwana Fungua alijikuta anaisoma. Ilikuwa Jumamosi kweli.

"Unamfahamu huyo mzee?" Mama Misumari akauliza.

"Nimewahi kumwona," akasema Bwana Fungua.

"Basi ukimwona tena mwambie: vidole viwili tu, hivi. Maji yakikoma, nawe koma."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Mwanzoni alitembea na aibu, nayo aibu ni mzigo usio na mpini, hujui uushike wapi. Alijiona kwa macho ya moyo, kila siku, anakaza bomba la bafuni mpaka linalia, akisema moyoni, "Sasa nione utakavyovuja." Na lilivuja kwa sababu hiyohiyo. Mwizi aliyemvizia miezi miwili alikuwa amevaa shati lake mwenyewe. Kikulacho, kumbe!

Lakini mtu hawezi kusimama langoni miaka ishirini na miwili halafu akalala na aibu peke yake. Kabla hajafika kwenye kona, shaka ikaamka ndani yake kama mbwa mzee aliyesikia nyayo. Ngoja kwanza. Yule kijana alijua. Mara tatu amepiga magoti kwenye bafu langu. Mara tatu amekiona kipira kilichokabwa. Mara tatu ameinuka, akajifuta mikono, akaniambia, "Tayari, mzee." Mtu anayejua kilichomo ndani ya mkoba na kusema hamna kitu, kule langoni tunamwitaje?

Alipofika nyumbani alikiweka kipira kipya alichonunua kwa Mama Misumari, kwa mikono yake, akakaza nati kiasi, akamwambia binti afungue tangi. Akalifunga bomba kwa vidole viwili. Mkono mzima ulikuwa unamwasha kutaka kumalizia, akauweka mfukoni. Akangoja. Hakuna to. Hakuna kabisa.

Alipotoka, fundi alikuwa amesimama kwenye korido, mkoba begani. Binti alikuwa amempigia.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia umelifungua mwenyewe."

"Marahaba. Nimelifungua. Na duka la Mama Misumari nimefika."

Fundi akashusha macho. Mkewe Bwana Fungua akatokea jikoni, binti akasimama nyuma yake, na korido ile nyembamba ikawa lango la kiwanda.

"Ulijua?" akauliza Bwana Fungua.

"Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza."

"Na nyinyi?" akawageukia wanawake wake. "Mnaitazama dari ya nini?"

"Mimi nilijua mara ya pili," akasema binti taratibu. "Aliniambia. Mimi ndiye niliyemwomba asikuambie, baba."

"Mimi sikuambiwa na mtu," akasema mkewe. "Mimi ninalala humu. Kila siku nasikia bomba linalia likikabwa. Nyani haoni..." Akaikatia methali hapo, kwa heshima ya ndoa.

"Nyumba nzima! Nyumba nzima inajua, mimi tu ndiye mgeni."

"Tungekwambia ungeamini?" mkewe akauliza. "Sema kweli. Ungesema tumekula njama na fundi."

Bwana Fungua akauvuta mlango wa bafuni kuhakikisha umefungika. Ni kweli, angesema hivyo. Hata sasa alitamani kusema.

Akamrudia kijana. "Kwa nini hukuniambia wewe, kama mwanamume?"

"Mzee, ningeanzaje?" Fundi aliushika mkanda wa mkoba wake kwa mikono miwili. "Nimekuja kuomba mke hapa. Nianze na shikamoo, halafu niseme bomba unaliharibu wewe? Niliona heri bomba livuje, mimi nirudi, kuliko wewe kuaibika mbele ya familia yako."

"Sawa. Heri bomba livuje." Bwana Fungua akasogea hatua moja. Alikuwa mfupi, ilimbidi atazame juu, lakini langoni amezoea kutazama juu. "Na ukishamwoa binti yangu, ukaniona nakosea jambo kubwa kuliko bomba, utaona heri nini? Akikosea yeye, utaona heri nini? Ukikosea wewe?"

Fundi akaushusha mkoba sakafuni.

"Sijui, mzee," akasema. "Nikikuahidi kwamba nitasema, nitakuwa nakufurahisha tu. Labda nitasema. Labda nitaogopa, kama nilivyoogopa sasa."

Binti akafumba macho kana kwamba glasi imeanguka. Lakini Bwana Fungua alibaki anamtazama yule kijana usoni, kwa muda mrefu, kama atazamavyo mkoba mzito. Katika maisha yake, mikoba aliyofunguliwa bila yeye kusema fungua ni michache mno. Na huu sasa ulikuwa wazi mbele yake, mpaka chini, pamoja na woga uliokuwamo.

"Njoo kesho na watu wako," akasema. "Saa kumi. Jibu litakuwepo."

Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu wahamie nyumba ile, hakuzunguka. Alilala chali, mkono wa kulia ameulalia ili usimtoroke. Mkewe akamsikia anageuka, anageuka.

"Ni mtu mwenye heshima," mkewe akamwambia gizani.

"Heshima na uficho wanakaa chumba kimoja, mama. Mimi namsikia mmoja anakohoa, sijui ni yupi."

Jumapili ikafika. Viti vinne vimepangwa sebuleni, kitambaa cha meza kimenyooshwa pasi. Saa kumi kasoro, Bwana Fungua aliingia bafuni kunawa uso. Alipomaliza alilifunga bomba kwa vidole viwili, akainama, akatega sikio. Kimya. Bomba lilikuwa limefungika, tena bila nguvu. Akawaza kwamba huenda na watu wapo wa namna hiyo, ukiwakaza mno ndipo wanapovuja. Wazo hilo likampoza moyo, akaelekea mlangoni.

Ndipo akakumbuka mkate. Yule wa mkate naye aliufungua mkoba mwenyewe. Kabla hajaambiwa. Tena akitabasamu.

Hodi ikapigwa. Sauti ya mjomba, sauti ya shangazi, na nyuma yao kikohozi chembamba cha mtu mrefu. Mkewe akamtazama kutoka sebuleni, binti akamtazama kutoka mlangoni mwa chumba chake, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake yeye. Fundi yule hakutabasamu hata kidogo jana; je, hiyo ni tofauti ya kutosha? Wewe uliyekaa nami mpaka hapa, na yote nimekufungulia, hebu niambie: mtu aliyekuficha kosa lako ili asikuaibishe, kisha ulipomwuliza akakuambia kwamba huenda akakuficha tena, ungemkabidhi mwanao?